Chura Hakuwa Mamangu

Mamangu hatetemeki. Niligundua hilo jioni moja mwaka 2014 tukiwa ndani ya matatu, tukitoka mjini kwenda Kayole. Vijana wawili waliokuwa wamekaa nyuma kama abiria wengine walisimama, mmoja akachomoa kisu, wakaanza kukusanya simu kiti baada ya kiti. Walipomaliza wakashuka hivi hivi, wakapotea. Gari zima likabaki likihema. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu alijaribu kufungua chupa ya maji akashindwa. Mimi nilikuwa na miaka 17, ule umri wa kujifanya mwanaume, na magoti yangu yalikuwa yanagongana. Nikamwangalia Mama. Mikono yake ilikuwa juu ya kiondo, imetulia kama ya mtu anayengoja misa ianze.

"Kwani wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Nimeogopa sana," akasema. "Nimeogopa kama nyinyi tu."

Hakuna aliyemwamini. Stori ilizunguka kwa jamaa wote na ikageuka kuwa sifa. Mama ana moyo wa simba, Mama hajui woga.

Lakini kulikuwa na stori nyingine juu yake, hiyo ikisimuliwa kwa sauti ya chini. Kakangu mdogo, kitinda mimba wetu, alizaliwa mwaka 2001. Mama alivuja damu nyingi sana baada ya kujifungua, akaongezewa damu, akapona, akarudi nyumbani na mtoto. Maziwa hayakutoka. Shosho alimpikia njahi, akamkorogea uji wa wimbi, akamchemshia supu ya mifupa, kila kitu ambacho mzazi hupewa. Hata tone. Mtoto akalelewa kwa chupa, na kwa familia yetu jambo hilo lilihitaji maelezo. Maelezo yaliyochaguliwa ni kwamba Mama amekataa kunyonyesha ili asiharibu mwili. Shangazi mmoja alilisema mbele yake, siku ya sherehe, watu wakacheka. Mama alinyamaza. Alinyamaza miaka 15.

Kumbe stori hizo mbili, ya ushujaa na ya aibu, zilikuwa na mzizi mmoja. Ilinichukua muda kuliona hilo, na njia niliyopita ilinipeleka kwa vyura.

*

Asubuhi moja mwaka 2016 tulimkuta Mama jikoni, amekaa sakafuni, macho wazi, hajibu. Hospitalini walipima sukari wakaikuta iko chini mno. Wakamwekea dripu ya glukosi, akazinduka. Daktari aliyemhudumia alitatizwa na jambo moja. Mtu ambaye sukari yake inashuka hivyo, alisema, kwa kawaida mwili wake hupiga kelele kwanza. Mikono hutetemeka, moyo hudunda. "Wewe hukusikia chochote?"

"Nilisikia usingizi tu," Mama akasema.

Ndipo akamuuliza maswali ambayo kwa miaka 15 hakuna aliyekuwa ameyauliza. Ulipojifungua wa mwisho, ulipoteza damu nyingi? Ndio. Maziwa yalitoka? La. Hedhi ilirudi? La. Vipimo vya damu vilifuata, lakini nadhani daktari alishajua.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Mwanamke akiwa mjamzito, tezi hiyo huvimba na kuhitaji damu zaidi. Akivuja damu kupita kiasi wakati wa kujifungua, shinikizo la damu linaporomoka na sehemu ya tezi hiyo inaweza kufa kwa kukosa damu. Mwaka 1937 mwanapatholojia Mwingereza, Harold Sheehan, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wazazi mjini Glasgow, aliueleza ugonjwa huo kwa kuwachunguza wanawake waliokufa, na mpaka leo unabeba jina lake. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka, kwa sababu amri ya kutengeneza maziwa hutoka pituitari.

Amri nyingine inayotoka hapo huenda kwenye tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia. Daktari alinichorea moja nyuma ya karatasi. "Fikiria ploti yenye wapangaji wawili," aliniambia. Mpangaji wa nje ni gamba la tezi. Huyo hutengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia sukari na shinikizo la damu, na hafanyi kazi mpaka pituitari imtumie ujumbe. Mpangaji wa ndani ni kiini cha tezi. Huyo hutengeneza adrenalini, na ujumbe wake hufika kwa njia ya neva. Kwa Mama, ujumbe wa pituitari haukuwa ukifika, kwa hivyo mpangaji wa nje alikuwa amelala.

"Na wa ndani?"

"Wa ndani hajaguswa," akasema. "Lakini hata yeye pengine anatengeneza kidogo. Anamtegemea jirani."

Nilitoka pale na sentensi hiyo kichwani. Shuleni tulifundishwa kwamba adrenalini ni homoni ya kupigana au kukimbia, tukaandika, tukapasi. Hakuna aliyetuambia ina jirani. Nikaanza kusoma ili nijue ni nani aliyegundua ujirani huo na alijuaje.

*

Historia ya adrenalini inaanza na mpangaji mmoja kudhaniwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1894, George Oliver, daktari wa mji wa Harrogate huko Uingereza, na Edward Schäfer, profesa wa fiziolojia jijini London, walichukua maji yaliyotolewa kutoka tezi za adrenali za wanyama wakamdunga mbwa mshipani. Shinikizo la damu la mbwa lilipanda kwa namna ambayo hawakuwa wameiona tena. Walipotenganisha gamba na kiini, wakagundua nguvu hiyo yote ilitoka kwenye kiini. Tangu siku hiyo kiini kikawa nyota.

Mwaka 1900 Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyekuwa na maabara jijini New York, pamoja na msaidizi wake Keizo Uenaka, waliitoa dutu hiyo ikiwa fuwele. Tezi zilitoka machinjioni. Ikapewa jina, ikaingia kwenye chupa, ikaanza kuuzwa kama dawa. Miaka mingi baadaye iligunduliwa kwamba adrenalini hiyo ya machinjioni haikuwa peke yake. Ilikuwa imechanganyika na nduguye, noradrenalini. Tofauti kati ya hizo mbili ni kipande kidogo tu, kaboni moja na hidrojeni tatu. Ongeza kipande hicho kwenye noradrenalini, unapata adrenalini. Kikumbuke hicho kipande, maana ndicho kilichompita Mama.

Hapo ndipo chura anaingia.

Mwanafiziolojia Otto Loewi alikuwa akifundisha Graz, Austria. Kama alivyosimulia mwenyewe, usiku mmoja aliota jinsi ya kufanya jaribio, akaamka, akaandika kwenye kijikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma alichoandika. Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakungoja. Saa tisa usiku akaondoka kitandani kwenda maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura. Moyo wa chura una tabia hii, kwamba ukiutoa mwilini na kuuweka kwenye maji ya chumvi, unaendelea kupiga. Alisisimua neva inayopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, kisha akachukua yale maji na kuyaweka kwenye moyo wa pili ambao neva zake hazikuguswa. Nao ukapunguza mwendo. Akasisimua neva inayoharakisha, akahamisha maji, moyo wa pili ukaenda mbio. Kwa hivyo neva haikuuongoza moyo kwa umeme peke yake. Ilikuwa inatoa kitu ndani ya maji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1921. Wengi hawakuamini, na mwaka 1926 alilirudia jaribio mbele ya wenzake kwenye kongamano la Stockholm.

Mwaka 1936 Loewi alitangaza kwamba ile dutu inayoharakisha moyo wa chura ni adrenalini. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi waliiingia Austria. Loewi alikuwa Myahudi. Walimkamata usiku, yeye na wanawe wawili, na akiwa kizuizini alimwomba mlinzi amtumie postikadi kwa jarida la kisayansi, iwe na matokeo ambayo hakuwa amechapisha, yasije yakafa naye. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka nchini alilazimishwa kuhamisha pesa za Nobel kwenda benki iliyokuwa mikononi mwa Wanazi. Alimalizia maisha yake New York.

Nilipenda stori ya Loewi sana. Lakini niliposoma zaidi nikaona kwamba chura wake alisema ukweli ambao watu waliusikia vibaya.

Ikiwa neva za moyo wa chura hutoa adrenalini, wengi waliona si kosa kudhani neva zetu pia hufanya vivyo hivyo. Moyo ni moyo, neva ni neva. Ilikuwa mpaka mwaka 1946 ambapo Ulf von Euler wa Sweden, akifanya kazi na neva za wengu wa ng'ombe, alionyesha kwamba kwa mamalia neva hizo hutoa noradrenalini, yaani ile isiyo na kipande cha mwisho. Loewi hakuwa amekosea juu ya chura. Kwa chura kweli ni adrenalini. Kosa lilikuwa kumfanya chura awe binadamu mdogo mwenye ngozi ya maji.

*

Ni haki kusema kwamba mara nyingine kumfanya chura asimame badala yetu kulifaulu kabisa, na mfano mkubwa unatoka barani kwetu. Mwaka 1927 Mwingereza Lancelot Hogben alifika Chuo Kikuu cha Cape Town kufundisha zoolojia. Mitoni na mabwawani kule kuna chura mwenye kucha miguuni, Xenopus laevis. Hogben alikuwa akitafiti pituitari, na aliona kwamba chura jike akidungwa maji ya pituitari ya ng'ombe hutaga mayai. Kutoka hapo wanasayansi wakatengeneza kipimo cha ujauzito. Ukimdunga chura jike mkojo wa mwanamke mjamzito, kabla ya siku moja kuisha anataga. Asipotaga, hakuna mimba. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali za ng'ambo, na kwa miaka mingi, mpaka vipimo vya kisasa vilipokuja katika miaka ya 1960, wanawake wengi waliambiwa na chura wa Afrika kwamba wamebeba mtoto.

Upande wa pili wa bahari, jijini Buenos Aires, Bernardo Houssay naye alikuwa na chura wake, wa nchi kavu. Ilijulikana kwamba mnyama akiondolewa kongosho, sukari yake hupanda na anapata kisukari. Houssay akawaondoa vyura kongosho pamoja na pituitari, na ugonjwa ukawa mwepesi. Akaona pia kwamba mnyama asiye na pituitari sukari yake hushuka kwa urahisi mno. Mwaka 1943 serikali ya kijeshi ilimfukuza chuoni kwa kutia saini tamko la kutaka demokrasia. Akaendelea na utafiti kwenye taasisi isiyo ya serikali, na mwaka 1947 akapata Nobel kwa kuonyesha nafasi ya pituitari katika mambo ya sukari.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mnyama asiye na pituitari, sukari yake hushuka kwa urahisi mno. Huyo alikuwa Mama, sakafuni jikoni. Kwa jambo hilo, chura wa Argentina alikuwa amesema habari zake miaka mingi kabla hajazaliwa.

Basi, chura hawezi kuaminiwa wala kukataliwa jumla. Inategemea unamuuliza nini. Swali langu lilikuwa lile la daktari, la wapangaji wawili.

*

Swali hilo lina ramani, na ramani yenyewe iko ndani ya wanyama. Kwetu sisi mamalia, kiini kimezungukwa na gamba pande zote. Kwa chura mambo ni tofauti. Tezi yake ni kama utepe wa rangi ya manjano uliolala juu ya figo, na hakuna nje wala ndani. Seli za kutengeneza adrenalini na seli za jamii ya gamba zimechanganyika, hii hapa, ile pale, kama nyumba za mtaa ambao haukupangwa na kaunti. Kwa mijusi kuna mchanganyiko pia, lakini una mpangilio. Seli zilizo katikati ya tishu ya gamba hutengeneza adrenalini, na zile zilizojipanga pembeni, upande wa mgongoni, hubaki na noradrenalini. Halafu kuna papa wadogo wa baharini ambao kwao tishu hizo mbili hazijuani kabisa. Moja iko huku, nyingine kule. Na papa hao, seli zao hutengeneza hasa noradrenalini.

Mwaka 1953 mwanaanatomia Mwingereza, Rex Coupland, aliitazama ramani ya namna hiyo akatoa wazo. Pengine ni gamba linaloamua. Pengine kile kipande cha mwisho kinaongezwa tu pale ambapo seli inakaa karibu na gamba na kupata kitu kutoka kwake. Papa hana jirani, hapati adrenalini. Mamalia ana jirani, anapata. Mjusi ana seli za aina zote mbili, na kila moja inafuata mahali inapokaa. Wazo lilikuwa zuri, lakini ramani si ushahidi. Watu wawili kukaa ploti moja hakumaanishi mmoja anampikia mwenzake.

Ushahidi ulikuja kupitia mtu ambaye hakutegemewa. Julius Axelrod alizaliwa New York mwaka 1912, mtoto wa mhamiaji aliyesuka vikapu. Aliomba kusomea udaktari akakataliwa. Akafanya kazi ya ufundi wa maabara miaka mingi, na katika ajali ya chupa ya amonia akapoteza jicho moja. Shahada ya uzamifu aliipata akiwa amepita miaka 40. Mwaka 1962, akiwa kwenye taasisi ya serikali ya afya ya akili huko Bethesda, Maryland, alieleza kimeng'enya kinachoongeza kile kipande cha mwisho. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kemikali mwilini, na hiki kilifupishwa kwa herufi PNMT.

Sasa lile wazo la Coupland lingeweza kupimwa. Axelrod na daktari kijana, Richard Wurtman, waliwaondoa panya pituitari. Amri haikufika, gamba likanywea, homoni yake ya jamii ya kotisoli ikakauka. Kiini chenyewe hakikuguswa na kisu, wala neva zake. Lakini kimeng'enya cha PNMT kilishuka sana. Walipowadunga panya ile homoni ya pituitari inayoliamuru gamba, au dozi kubwa ya dawa ya jamii ya kotisoli, kimeng'enya kikarudi. Walichapisha mwaka 1965. Kwa panya, na kwa mamalia kama sisi, mpangaji wa nje ndiye anayemwezesha wa ndani kumaliza kazi.

Sasa walitaka kujua kama sheria hiyo ni ya wanyama wote. Mwaka 1968 Wurtman, Axelrod na wenzao walichapisha kazi ya kulinganisha spishi, chura akiwemo. Ukifuata ramani, chura ndiye angekuwa mfano bora kuliko wote. Seli zake zimebanana na za gamba kuliko zetu. Mwondolee pituitari, adrenalini ingepaswa kuporomoka.

Haikuporomoka. Kimeng'enya cha chura kiliendelea kama kawaida, kama vile hakuna aliyeondoka. Tena hakiko kwenye tezi peke yake. Chura anacho hata kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana ile dutu ya Loewi ilikuwa adrenalini. Chura anaitengeneza mwenyewe, popote anapoitaka, bila kungoja ruhusa ya kotisoli. Jirani yupo mlangoni lakini haombwi chumvi.

Nilicheka niliposoma hilo, peke yangu, saa sita usiku, kwa sababu ya wale waliomtegemea chura awaelezee binadamu. Kwa ujauzito alijibu sawa. Kwa sukari alijibu sawa. Kwa neva za moyo alijibu kwa niaba yake tu, na kwa PNMT vilevile. Mwaka 1970 Axelrod na von Euler walishiriki Nobel pamoja na Bernard Katz kwa kazi zao juu ya kemia ya neva. Ukizitazama kazi za wawili hao ukiwa umekaa upande wa chura, utaona sehemu yake ni mambo ambayo chura asingeweza kuyafichua juu yetu.

*

Nilimpelekea Mama stori hii kwa vipande, jioni, akiwa anachambua mboga. Nilimweleza kwamba wale panya wa Maryland ni yeye. Aliuliza kama panya walipona. Nikamwambia walipodungwa dawa, kimeng'enya kilirudi.

"Mimi je, na hivi vidonge?"

Anameza haidrokotisoni kila siku, na ana dawa ya tezi ya shingo kwa sababu hata hiyo ilikuwa imepoteza bosi wake. Vimemrudisha. Anapanda ngazi, hapati baridi mchana wa jua, sukari haijamwangusha tena. Lakini ilibidi nimwambie ukweli. Damu inayotoka kwenye gamba hupita moja kwa moja kwenye kiini ikiwa imejaa kotisoli, nyingi mara nyingi kuliko ile inayozunguka mwilini. Kidonge kinainyunyiza damu yote kiasi kinachotosha kuishi, lakini hakiwezi kuigiza ule ukaribu. Kwa hivyo adrenalini yake huenda isirudi kama zamani. Neva zake bado zinatoa noradrenalini, moyo bado unaweza kwenda mbio. Kile kipande cha mwisho tu ndicho kinachokosa mtu wa kukiongeza.

Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya mikono yake kutulia siku ile ya matatu. Kuna watu wenye tezi nzima ambao hawatetemeki, na kuna tabia ya mtu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Mama alituambia ameogopa, na sisi tukaiangalia mikono yake badala ya kumsikiliza. Tulikuwa na kipimo cha woga kilichotengenezwa kwa miili yetu, tukampimia. Alipotuambia maziwa hayatoki, familia ilikuwa na kipimo kingine, cha wanawake wengine waliojifungua, wakampimia hicho pia. Mara ya kwanza alitoka shujaa, mara ya pili alitoka mwanamke mwenye kiburi. Hakuwa yeyote kati ya hao wawili.

Krismasi ya mwaka 2018 tulikuwa kwa Shosho. Yule shangazi alikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa, nimebeba mpaka barua ya hospitali, nikidhani nitasimama nieleze pituitari mbele ya watu kama wakili. Mama alinishika mkono tukiwa bado mlangoni akaniambia nisiaibishe mtu kwenye nyumba ya mamake.

Basi sikusema. Baada ya chakula Mama mwenyewe alitoa vidonge vyake kwenye kiondo, akaomba maji. Shangazi akauliza ni dawa ya nini. Mama akamjibu kwa sauti ya kawaida, bila kuinua macho kutoka kwenye kopo la dawa. "Siku niliyomzaa huyu, damu ilinitoka mpaka kitu kikafa kichwani. Ndicho kilichokuwa kilete maziwa."

Shangazi hakuongea kwa muda. Kisha akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji, akampa kwa mikono miwili. Kakangu, miaka 17, mrefu kuliko sisi wote, alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakuwahi kuisikia sababu nyingine ya kulelewa kwa chupa ila ile ya shangazi. Alikuja akakaa sakafuni kando ya kiti cha Mama, akachukua lile kopo la dawa, akaanza kusoma maandishi yake, pole pole, mstari kwa mstari.